Gitaa Lililoitikia Meli

Mimi si mtu wa kuamini mashetani. Nimelelewa misheni, Kilimanjaro, nikaletwa Dar es Salaam na mume wangu Anselmi aliyekuwa akiuza vitunguu sokoni Kariakoo. Tulipopanga chumba katika ile nyumba ya bati upande wa kushukia Jangwani, nilichokiogopa ni maji ya masika na kunguni, basi. Lakini nasema nilichokisikia kwa masikio yangu. Meli ilipopiga honi bandarini, gitaa lililotundikwa chumba cha jirani yangu liliitikia. Hakuna aliyeligusa. Lilivuma chini chini, kama mtu aliyeitwa kabla hajaamka vizuri, na mwenye chumba, Bi Kuruthumu, aliacha alichokuwa akifanya akageukia ukutani.

"Mwenzangu huyo," alikuwa akisema.

Nami mwili ulinisisimka kila mara, misheni au si misheni.

Ungemwona barazani kwake usingemdhania. Mwanamke mfupi, mwepesi wa mdomo, akikaanga bagia na kuuza. Mteja aliyezibofyabofya kabla ya kununua aliulizwa, "Unaibonyeza ya nini, imekwambia inaumwa?" Mimi alinitania kwamba watu wa mlimani tunakula ndizi mpaka tunakaribia kuota majani. Nilimjibu kwamba watu wa pwani huzaliwa wameshachoka. Tukapendana hivyo hivyo.

Mumewe, Ramadhan, nilimwahi. Siku za kazi alikuwa kuli bandarini, na Jumamosi alipiga gitaa katika bendi ya dansi. Si gitaa la kukumbatia kifuani. Lake lilikuwa la Hawaii, lile linalolazwa mapajani, nyuzi za chuma zimeinuliwa juu ya ubao, na mpigaji anateleza juu yake kwa kipande cha chuma mpaka linalia. Ramadhan alililiza. Kina mama tuliokuwa tukiosha vyombo uani tulijikuta tumeshika sufuria moja muda mrefu, hatusugui wala hatuiweki chini.

Lakini nyuzi zilikuwa kazi ya Kuruthumu. Alikwenda mwenyewe Mchafukoge, kwenye duka la Mhindi aliyeuza gramafoni, akataka pakiti ifunguliwe. Aliupitisha kila uzi katikati ya kucha mbili, taratibu, akitafuta mkwaruzo wa kutu, maana nyuzi zilikuja kwa bahari na hewa ya chumvi huanza kuzila zikiwa bado dukani. "Mama, unanunua nyuzi au unachagua mchumba?" aliuliza Mhindi. "Mchumba ningekwishapata," akajibu Kuruthumu, na uzi wenye mkwaruzo ukarudi kwenye pakiti.

Nyumbani alizifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani, akazizungusha kwa upana wa kisahani. Hakuzikunja kamwe, kwa kuwa uzi uliokunjwa hukatikia pale pale ulipokunjwa. Akazilaza katika kopo la biskuti pamoja na vipande vya mkaa vya kunywa unyevu, kopo akalitia kwenye kasha, kasha akalifunga, ufunguo akaufunga kwenye pindo la khanga yake. Nyuzi zilizochoka nazo hakuzitupa. Zilikuwa na kopo lao chini ya kitanda, zimeloweshwa mafuta ya taa. "Uzi haufi," alisema, "unachoka tu." Na siku ya kubadilisha alitoa mmoja akapachika mmoja, halafu unaofuata, asiliache gitaa tupu hata kidogo. Kazi ya Ramadhan ilikuwa kuzipatanisha, kukaza huu na kulegeza ule mpaka zisemezane.

Mwaka 1953 Kuruthumu alikwenda Bagamoyo kwenye harusi ya mtoto wa dada yake. Akaondoka na khanga yake, na ndani ya pindo, ufunguo wa kasha. Hakukumbuka, na Ramadhan naye hakukumbuka kuuomba. Uzi ukakatika, na dansi lilikuwa kesho yake. Basi Ramadhan akaingia uvunguni, akachukua uzi mmoja katika kopo la zile zilizochoka, akaupachika mwenyewe. Ncha yake yenye kutu ikamchoma kidole gumba. Niliona damu, tone dogo, akalinyonya huku akicheka kwamba gitaa limemwonea wivu mkewe kusafiri. Akapatanisha nyuzi zote, akaenda kupiga dansi, akarudi, akalitundika msumarini.

Kuruthumu aliporejea, taya za mumewe zilikuwa zimeanza kukaza. Pepopunda. Hospitali walisema amechelewa. Alikufa mgongo umepinda, na mkewe ameshika kile kidole gumba.

Siku ya kuondoa tanga walikuja wenzake wa bendi, wakitangulizwa na Mwinyimvua, aliyepiga gitaa la kawaida ubavuni mwa Ramadhan miaka mingi. Walikuwa na desturi yao. Mwenzao akifa, nyuzi za chombo chake hulegezwa, kwa heshima, nacho kipumzike. Kuruthumu alisimama mlangoni akiwa katika eda, akawazuia.

"Kazikaza mwenyewe kwa mkono wake," alisema. "Mkishazilegeza nitabaki na nini?"

Wakaondoka.

Baadaye, eda haijaisha, mchana kweupe, tukasikia mlio chumbani mwake kama bakora, na Kuruthumu akapiga ukelele. Ule uzi wenye kutu ulikuwa umekatika wenyewe ukutani. Majirani wakasema gitaa lina jini, lichomwe. Mimi nilisema kutu ni kutu, ila nilisema nikiwa nimesimama mbali na mlango.

Kuruthumu hakulichoma. Alifungua kasha, akatoa uzi mpya, akaupachika mahali pa ule uliokatika, na akaukaza taratibu akiufuatisha na wenzake waliobaki, huku akivuma kwa mdomo mpaka sauti zikakutana. Hakuwahi kupatanisha uzi maishani mwake, lakini masikio alikuwa nayo. Ulipokatika wa pili alifanya vile vile. Na wa tatu. Baada ya miaka kama minne hapakuwa na uzi hata mmoja uliokazwa na Ramadhan. Zake zote zilikuwa zimelala koponi.

Nilimwuliza siku moja, kwa uchokozi wangu, "Sasa Bi Kuruthumu, hapo marehemu yuko wapi?"

Hakukasirika. "Severa, ukichukua kaa la moto kwa jirani ukawashia jiko lako, na jiko lako likawasha la mwingine, moto si ule ule? Kila uzi umepokea kwa mwenzake. Sauti ni yake."

Nikaona amesema kweli. Meli ikapiga honi, gitaa likavuma, nikafanya ishara ya msalaba.

Mwaka 1957, Jumapili moja nimetoka kanisani, nikamkuta Mwinyimvua uani. Bendi ilikuwa imepata kijana anayejua kupiga gitaa la Hawaii, lakini gitaa lenyewe hawakuwa nalo.

"Shemeji," alimwambia Kuruthumu, "sikuja kukutonesha kidonda. Lakini nimelitazama pale ukutani. Ubao umeanza kuinuka kwa kuvutwa. Likibaki vile litapasuka, na hapo tutakosa wote."

Kuruthumu alifuta mikono kwa khanga. Halafu akaingia ndani, akalitoa mwenyewe, amelibeba mikononi kama mtoto mchanga.

"Nitakupeni kwa sharti moja. Mtu asiguse funguo za kukazia nyuzi. Mlipige hivyo hivyo Ramadhan alivyoliacha."

Mwinyimvua akalilaza mapajani, akatoa mfukoni kipande cha chuma, akateleza mara moja. Akaacha. Akateleza tena, akainamisha sikio. Niliona uso wake unabadilika, na nikatamani Mungu amzibe mdomo.

"Shemeji," alisema polepole, "hii sauti si ya Rama."

"Si ya Rama vipi?"

"Imeshuka. Imeshuka sana. Uzi ukikaa unalegea, shemeji. Ukipachika mpya ukaufuatisha na uliolegea, nao unaanzia chini. Kila ulipobadilisha imeshuka kidogo, na hizi mbili za katikati zimekaa pengine kabisa. Mimi nimekaa ubavuni mwake miaka yote ile. Hii siijui ni ya nani."

Mimi niliijua. Niliijua pale pale, na nikaona aibu kwamba sikuijua mapema. Ndiyo ile sauti ya chini aliyoivuma Kuruthumu akichota maji, akichambua kunde za bagia, akikaza nyuzi. Alikuwa amezifuatisha nyuzi, na nyuzi zikamfuata yeye. Sikusema, lakini alikuwa ananitazama usoni, na mimi uso wangu haujui kufunga mlango.

"Iweke yake," alimwambia Mwinyimvua. "Iweke yake niisikie."

Mwinyimvua alikaza uzi mmoja mmoja, akisikiliza kitu kilichokuwa ndani ya kichwa chake. Ubao ukalia kidogo. Kisha akateleza, akapiga kipande kifupi cha wimbo wa Jumamosi za zamani, na Ramadhan akaingia uani. Sina namna nyingine ya kulieleza. Wapangaji walitoka vyumbani. Mimi machozi yalinitoka bila ruhusa, maana alikuwa yeye, kicheko chake na lile tone la damu kidoleni.

Kuruthumu alituangalia mmoja mmoja.

"Ndiye?" aliniuliza.

"Ndiye, dada yangu."

"Una hakika?"

"Ndiye."

Alisikiliza tena, shingo ameinyoosha, mtu anayetafuta sura katika umati wa watu. Mwisho akatikisa kichwa. "Simtambui," alisema. "Wallahi simtambui." Na hapo ndipo alipolia kilio ambacho hata msibani hakukilia, akakaa chini kwenye vumbi la uani, nikakaa naye.

Alipotulia alilivuta gitaa mapajani mwake, akalegeza nyuzi zote sita kwa mkono wake, mpaka zikalala juu ya ubao.

"Chukua, shemeji. Ila mkanunue nyuzi nyingine Mchafukoge, na mzipitishe kucha kwanza." Akafuta pua kwa pindo la khanga. "Mie miaka yote hii nilikuwa nimekaa na mie mwenyewe mle ndani."

Mwinyimvua aliondoka nalo kabla ya adhuhuri. Alasiri Kuruthumu alikuwa akifagia chumba, nami nimesimama mlangoni kwake na kisingizio cha kuomba chumvi. Meli ikapiga honi, ndefu. Akasimama, ufagio mkononi, akageukia ukutani palipobaki msumari. Tulingoja wote wawili. Kimya.

Kisha, bila kunitazama, akaivuma mwenyewe ile sauti, chini chini, mpaka honi ilipokoma.