Habari ya Msiba Haipelekwi kwa Simu

Kila mwaka, muhula mpya ukianza, huwa nawadanganya wanafunzi wangu, na shule inanilipa kwa kazi hiyo. Nafundisha saikolojia ya mwanzo kwa vijana wa kidato cha tano, kaskazini mwa London. Wengi wamelichagua somo hili wakidhani nitawafundisha kusoma mawazo ya watu. Naingia darasani na chupa mbili za maji. Nawaambia hii ni ya chemchemi ya milimani, bei yake msiulize, na hii nimeikinga kwenye bomba la choo cha walimu. Wanaonja, wanatoa maksi. Ya kwanza ni tamu, ya pili ina ladha ya kutu. Kuna mmoja aliwahi kukimbilia pipa la taka akatema. Wakimaliza ndipo nawaambia kwamba chupa zote mbili nimezijaza kwenye bomba moja.

Kwa kawaida wanacheka. Mwaka mmoja msichana aliyekaa karibu na dirisha hakucheka. Wazazi wake walitoka Congo, Kiswahili anakisikia vizuri, ila ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza.

"Miss, umetudanganya," alisema.

"Ndiyo. Na sasa nimewaambia."

Nikaandika ubaoni masharti ya kazi yetu. Mtafiti anaweza kumdanganya mtu kama hakuna njia nyingine ya kupata jibu. Asimuumize. Na akishamaliza, lazima akae naye chini, amweleze kila kitu, amwache katika hali ile ile aliyomkuta nayo. Yule msichana akasoma mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na nani anaamua kama nimeumia? Si ni yule yule aliyenidanganya?"

Nikamjibu kwamba kuna kamati ya kulipima hilo. Darasa zima likacheka kusikia kamati, nami nikacheka nao. Moyoni nilifurahi, maana mwalimu akipata mtoto wa kumbishia namna ile anajua mwaka utakuwa mzuri.

Darasa lile lilipofika kidato cha sita, mama yangu alikuwa mgonjwa Tanga. Moyo. Miguu ilimvimba, ngazi mbili za barazani zikawa mlima. Aliishi na dada yangu mkubwa, na mimi nilikuwa nikimpigia asubuhi nikiwa kwenye basi, watu wakinitazama kwa sababu mama alikuwa haniachii nizungumze taratibu. Alikuwa mlalamishi, Mungu amrehemu. Akiumwa kichwa alitaka mtaa mzima ujue, na asiyekuja kumpa pole alikuwa anawekewa kinyongo. Kazi yangu hakuielewa hata siku moja. "Hao watoto wa watu wana wazimu gani," aliniuliza, "hata wapelekwe kwako?" Nikimweleza kwamba si wazimu, ni elimu ya akili na tabia, anasema haya, mwanangu, mradi wanakulipa. Kumbe kwa majirani anajitapa kwamba binti yake anawafundisha Wazungu akili.

Baridi ilipoanza kupungua, simu zikabadilika. Anapokea dada. Mama kalala. Mama anaoga. Mama sauti imemkauka, kaambiwa asiseme sana. Nikawa namrekodia maneno kwenye simu, dada amwekee sikioni. Baadaye dada ananijibu kwa maandishi, "Kasikia, kafurahi." Nilitaka kwenda likizo ya Pasaka. Dada akanikatalia kwa ukali wa dada mkubwa.

"Uje kufanya nini, mdogo wangu? Mama mzima. Wanafunzi wako wana mitihani. Njoo likizo kubwa, ukae naye ushibe."

Basi nikakata tiketi ya Julai, ya siku ya pili baada ya shule kufungwa. Nilichokuwa nakitaka duniani ni hicho tu, kumkuta mama yangu hai, nikae chini nimkande ile miguu huku akinilalamikia. Nilimrekodia nikamwambia, "Mama, Julai hiyo, nakuja, usife kabla sijafika." Kwetu sisi wawili huo ulikuwa mzaha. Dada akajibu, "Kasikia, kacheka."

Kazi yangu ni kuwafundisha vijana jinsi mtu anavyobadilika akiwa na jambo analolificha. Majibu yake yanakuwa mafupi, yanafanana, hayana vijambo vidogo vidogo vya maisha. Nimeyasema hayo darasani mara nyingi. Mganga hajigangi.

Siku darasa lile lilipomaliza karatasi yao ya mwisho, niliwasubiri nje ya ukumbi. Yule msichana alitoka akitabasamu, akaniambia swali la masharti ya utafiti limetokea, tena la maksi nyingi, na amelimaliza lote. Nikamshika bega. Nilipanda treni ya kurudi Edmonton, mtaa ninaoishi, nikiwa mwepesi kabisa, nikihesabu kwamba sasa imebaki Julai tu. Njiani shoga yangu wa Mombasa akanipigia. Yeye anafanya kazi ya kutunza wazee, tunaishi barabara moja, ufunguo wangu wa akiba anao yeye.

"We uko wapi saa hii?"

"Niko kwenye treni, nakaribia."

"Haya mamangu. Njoo polepole."

Sijui kwa nini sikushtuka. London hakuna mtu anayekwambia uje polepole.

Nilipofungua geti nikaona viatu mlangoni kwangu. Viatu vya kike, vingi, vimepangwa pembeni ya mkeka wa kufutia miguu. Raba za kazi za wale wanaotoka zamu za usafi na za kutunza wagonjwa, makubadhi, kandambili moja juu ya nyingine. Mimi naishi peke yangu. Kwetu, viatu vingi mlangoni kwa mtu anayeishi peke yake, bila harusi wala hitima aliyoitangaza, vina maana moja. Nikageuka. Nilirudi mpaka yalipo mapipa ya taka, nimeshika begi langu, nikifikiria niende wapi. Nilitaka nirudi stesheni.

Shoga yangu akafungua mlango. "Ingia, mamangu. Ingia uketi."

"Nani?" nikamuuliza.

Akanipokea begi.

Ndani sebule imejaa wanawake wamejitanda khanga, chupa za chai mezani, maandazi yamefunikwa kitambaa. Baadhi nawajua kutoka msikitini, wengine sikuwa nimewaona hata siku moja, wamekuja kwa kuwa wamesikia kuna mwenzao amefikwa. Mtu mzima wao akanishika mikono miwili akaniambia Mwenyezi Mungu kamchukua mama, sote ni wake na kwake tutarejea.

Nikauliza, "Lini? Asubuhi hii?"

Wakatazamana. Nimeshasahau mengi ya siku ile, lakini walivyotazamana sikusahau.

"Wiki iliyopita, mamangu," shoga yangu akasema. "Ijumaa."

Kwetu habari ya msiba haipelekwi kwa simu. Mtu aliye mbali hutafutiwa watu kwanza, wamkalie, ndipo aambiwe, asije akaanguka barabarani hana wa kumwinua. Ni desturi ya huruma na siisemi vibaya. Nami nimeshakaa kwenye sebule za wenzangu hapa hapa London, nikisubiri mlango ufunguliwe. Lakini anayesubiriwa ni msafiri wa saa chache, atoke kazini, afike nyumbani. Mimi mama yangu alikuwa ameshazikwa, hitima imeshasomwa, matanga yameshaanuliwa, na wiki nzima hiyo mimi nilikuwa namrekodia maneno. Nilimwambia London kuna joto. Nilimuuliza kama amekula. Na dada alijibu kwamba kasikia.

Hasira zangu ziko karibu, ndivyo nilivyoumbwa. Sikulia, nilipiga kelele. Nilimgeukia shoga yangu nikamwambia Jumapili ulikuja hapa na biriani, ukala na mimi, ukanioshea vyombo, na unajua! Akawa analia yeye. "Dadako alituapisha," alisema. "Alisema tungoje watoto wamalize mtihani, usije ukavurugikiwa. Mimi nilikuwa sipati usingizi, Wallahi. Nilikuja nikutazame tu." Nikawaambia watoke. Hakutoka hata mmoja. Wakanikalisha chini, mmoja akanivua viatu, na hapo ndipo nilipolia.

Jioni ile nikazungumza na dada. Nilikuwa nimeyapanga ya kumwambia, na mengine hayaandikiki. Nilimwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Nilimuuliza nani kamfanya yeye kuwa kamati, na yeye hakuelewa kamati gani. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Kisha akasema, "Mama mwenyewe ndiye aliyesema usiambiwe. Alisema, mwacheni, amalize na watoto wa watu."

Ilikuwa sauti yake kabisa, watoto wa watu. Kama mama alikuwa ameamua, basi hakuna aliyenidhulumu. Alinipenda akanitazamia kazi yangu, na hakufa akinitamani. Yale maneno niliyashika kama dawa. Asubuhi nikiamka kifua kimebana nayarudia, amalize na watoto wa watu, kifua kinaachia kidogo. Julai nilikwenda Tanga kwa tiketi ile ile. Nikasimama kaburini na kuomba dua. Nikalala chumbani kwake, dada akanipikia, tukaishi kwa upole kama wagonjwa wawili. Hakuna aliyezungumza habari ya siku za mwisho, na mimi sikuuliza, kwa kuwa nilidhani ninalo jibu.

Septemba nikarudi shule. Darasa jipya, chupa mbili. Walionja, wakatoa maksi, nikawaambia ukweli, wakacheka. Nikageuka kuandika masharti. Niliandika la kwanza na la pili. La tatu, kumweleza kila kitu, nililiandika nusu nikasimama, mgongo wangu kwao, kalamu ubaoni. Swali la yule msichana aliyekwishaondoka lilikuwa limenirudia. Nani anaamua kama nimeumia? Nikayatazama maneno ya dada kwa mara ya kwanza kama ninavyowafundisha watoto kuyatazama maneno. Ni mafupi. Hayana kijambo chochote cha maisha ndani yake. Halafu, mama yangu huyu? Aliyetaka mtaa mzima umpe pole kwa kichwa? Mama yangu aumwe kufa, aseme mwanangu asiambiwe?

"Miss, are you OK?" mmoja akauliza.

Nikasema niko sawa. Nikamalizia sentensi, nikawapa kazi ya kufanya wenyewe mpaka kengele.

Wakati wa chakula nilibaki darasani nikafunga mlango, nikampigia dada. Alikuwa anachambua mchele, nausikia kwenye ungo. Nilimwuliza hali, akaniuliza hali. Kisha nikamwambia, "Dada, sikupigii kwa ugomvi. Ninayafundisha haya kila mwaka na sitaweza tena kuyafundisha kama sijui. Mama alisema kweli nisiambiwe?"

Ungo ukanyamaza.

"Mdogo wangu, achana nayo."

"Dada. Nakuomba."

Nilimsikia anainuka, anaingia ndani, anasukuma mlango. Alipoanza kusema sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtoto, na ukali wa dada mkubwa haukuwemo tena.

"Hakusema," alisema. "Mimi ndiye niliyesema. Daktari alituambia moyo umechoka, akishtuka kidogo tu basi. Ungekuja ghafla angejua kwamba anakufa. Na wewe kule peke yako, nikaona ukijua utaacha kazi, utakuja, umkute hivyo. Nilifikiri atafika Julai. Wallahi nilifikiri atafika."

"Mama aliniulizia?"

Alilia kwanza. Nilimsubiri. Nje watoto walikuwa wanacheza mpira na kupiga kelele, na mimi nimeishika simu kwa mikono miwili.

"Kila jioni," alisema. "Anauliza, mwanangu yuko wapi? Tunamwambia anakuja. Kesho anauliza tena. Ile siku ya mwisho alikataa kabisa uji, alikataa dawa, anakutaja wewe tu. Nikaona nimpe moyo. Nikamwambia mama, keshapanda ndege. Akafurahi, mdogo wangu. Akataka avishwe lile gauni lake la Idi. Akatuambia tusiukomee mlango, usije ukafika ukakuta tumelala."

Nikamuuliza kama waliukomea.

"Hapana," dada akasema. "Ulikuwa wazi mpaka walipoingia wanawake wa kumwosha."