Kamera Isiyoficha Uso

Wateja walimwita Vidole, maana mtaani hakukuwa na msusi mwenye mkono mwepesi kama wake. Alipotimiza miaka arobaini aliwatangazia jamaa zake kwamba atanunua kamera. Si ya biashara, ya kujifurahisha tu. Simu ilikuwa imemchosha: kila uso aliopiga ulitoka laini kama umemwagiwa poda.

Hasa alitaka kumpiga picha mdogo wake wa kike, fundi seremala aliyezaliwa kiziwi. Katika albamu nzima ya familia, binti huyu alionekana amekakamaa kama anapigwa picha ya kitambulisho, ilhali nyumbani hakuna aliyemfikia kwa ucheshi.

Mume wa dada yao mkubwa aliwahi kupiga picha za harusi, hivyo ushauri ulimiminika kabla hajaulizwa.

"Shemeji, usinunue kamera isiyo na kitundu cha kuchungulia," alimwambia. "Mpiga picha huweka jicho pale. Hizo za kutazama skrini ni za kuchezea."

"Nimekusikia, shemeji. Lakini akili ni nywele, kila mtu ana zake."

"Na wewe hizo nywele ndiyo kazi yako," akajibu, wakacheka.

Jumamosi alifunga saluni mapema, akaenda dukani na mdogo wake. Muuzaji aliweka mezani kamera mbili za kisasa, zile nyepesi zisizo na kioo ndani, za kubadilisha lenzi. Bei zilikaribiana, na zote alizimudu. Ya kwanza ilikuwa ya mtumba lakini imara, ina kitundu na skrini isiyoinama, na ndani yake mna kifaa cha kutuliza mtikisiko wa mkono. Ya pili ilikuwa mpya, ndogo, haina hicho wala kile, ila skrini yake ilifunguka na kuinamia upande wowote.

"Mimi ningechukua ya kwanza bila kufikiri," alisema muuzaji.

Vidole akaiinua jichoni. Mdogo wake alikuwa akimsimulia kwa ishara habari za mteja aliyeagiza kitanda kisichopita mlangoni kwake. Ghafla mikono ikashuka, mabega yakakakamaa. Akawa yule yule wa kwenye albamu.

Vidole akashusha kamera, akauliza kwa ishara, "Mbona umenyamaza?"

"Umeficha uso," mdogo wake akajibu, akishangaa kuulizwa. "Nitaongeaje nawe na sikuoni? Ni kama umenifungia mlango."

Vidole alijisikia vibaya kidogo, kisha akajisikia vizuri sana, kwa kuwa sasa alijua anachonunua. Alichukua ile ya pili, akaivaa shingoni, akaishika usawa wa kiuno na kuinua skrini ielekee juu. Kwa mkono uliobaki akauliza, "Haya, kitanda kiliingiaje?"

Hadithi ikaendelea. Naye akawa anabonyeza, uso wazi, akicheka.

"Naichukua hii," alimwambia muuzaji.

"Dada, hebu fikiri tena. Ile nyingine hata gizani haikuangushi."

"Ile ni nzuri, sikatai. Itampata mwenyewe. Mimi yangu nimeshaiona."

Haikuwa kamera ya miujiza. Kwenye jua kali skrini haikuonekana, ikabidi ajifunze kuikinga kwa kiganja. Jioni picha zilitoka na ukungu, akawa anamsogeza mdogo wake karibu na dirisha la karakana. Lakini hakujuta hata kidogo.

Shemeji alipokuja kuziona picha alianza na zile za ukungu. "Nilisema mimi," alinong'ona, akiendelea kuzipitisha moja moja.

Kisha akafika kwenye ile ya dukani. Binti yuko kinywa wazi, macho yamejaa kicheko, mikono yote miwili hewani akimwigiza mteja anayesukuma kitanda. Shemeji akaacha kuzipitisha.

"Hii nisafishie," akasema. "Nikaiweke sebuleni kwangu."