Kitenge Nilichokifua

Mama mkwe alinipa wiki mbili. Alipiga simu kutoka Butembo akasema kama sipati mahali pazuri pa kumwacha mtoto mchana, anakuja kumchukua akae naye. Mume wangu alikuwa Mongbwalu kwa biashara, mimi nilikuwa na meza yangu ya vitambaa sokoni, na binti yetu alikuwa na miaka miwili na nusu. Nilimjibu kwa heshima, nikakata simu, nikaipiga meza kofi. Dada yangu alimpeleka mtoto wake kwa nyanya yake kwa mwezi mmoja tu. Sasa yuko darasa la tano hukohuko.

Basi nikaanza kuzunguka Bunia. Garderi ya kwanza, nyumba ya kulelea watoto mchana, ilikuwa na twiga waliochorwa ukutani, na mwenyewe alinisifia Kifaransa cha watoto wake tangu nilipoingia. Watoto wenyewe walikuwa wamekaa kimya, mikono kichwani, naye akajivunia kimya hicho. Binti yangu, ambaye hanyamazi hata kanisani, alijificha nyuma ya miguu yangu. Nikaaga.

Ya pili ilikuwa na walezi wachangamfu, lakini lango lilikuwa wazi, na malori ya kwenda Iga Barrière yalipita hatua chache tu kutoka pale watoto wanapocheza. Niliuliza mbona hawafungi, wakaniambia wamezoea. Hapo sikuaga, na sijutii.

Ya tatu ilikuwa mtaa wa Rwambuzi. Ua ulikuwa umefagiwa vizuri, komeo la lango liko juu, na uji wa soya ulikuwa unachemka jikoni. Mlezi mkuu, mama mmoja mnene wa makamo, hakunionyesha michoro wala madaftari. Aliniuliza mtoto analalaje mchana. Nikasema, kwa aibu kidogo, kwamba hulala mgongoni kwangu tu, huku nikiuza. Hakunicheka. Akaniambia nimletee kitenge ninachombebea.

Hapo ujinga wangu ukaingia kazini. Mimi nimelelewa Butembo, sipeleki kitambaa kichafu kwa watu wakanisema. Nilikifua kwa sabuni, nikakianika juani, nikakipiga pasi pande zote mbili. Siku ya kwanza mtoto alilia mpaka sauti ikakauka. Siku ya pili vilevile, na uji akaukataa. Jioni mama mkwe akapiga simu. Nikamdanganya kwamba anazoea. Zilikuwa zimebaki siku tatu.

Asubuhi iliyofuata mlezi alikichukua kile kitenge, akakinusa, akanitazama.

"Mama, hii kitenge uliifula?"

"Niliifula. Na pasi nikapiga."

"Mutoto hatafute kitenge safi," akasema polepole. "Anatafuta weye. Utuachie hii unavaa."

Nilikuwa nimefunga viwili, kimoja juu ya kingine, kama tunavyofunga sote. Nikafungua cha juu palepale langoni, chenye jasho, moshi wa makaa na samaki wa jana, nikampa. Nilikwenda sokoni na kimoja, nikijiona nusu uchi. Majirani zangu wa meza wakaniuliza kama nimeibiwa.

Nilirudi saa tisa nikiwa tayari kwa kilio. Ua ulikuwa umetulia. Mlezi alikuwa anaosha vikombe, na mgongoni kwake, ndani ya kitenge changu, binti yangu alikuwa amelala mdomo wazi. Nitasema ukweli: niliona wivu, wivu mkali, nikataka kumfungua nimchukue palepale. Kisha nikaona vidole vyake vimeishika ile ncha ninayoifunga kifuani. Nikakaa kwenye benchi, nikalia mimi.

Simu ikaita. Ilikuwa Butembo. Nikapokea kwa sauti ya chini, nikamwambia mama mkwe asije, mtoto amelala.