Plastiki za Pikapu ya Baba Neema

Nawaambia mwenyewe kabla hamjasikia kutoka kwa watu wa Itaka. Nampenda Neema, na baba yake, mkulima wa kahawa, alikuwa na wasiwasi mmoja tu juu yangu: "Mtu wa kuandika hadithi, spana ataishika kweli?"

Nikaenda Tunduma, nikanunua plastiki za kukinga mawe na tope juu ya matairi ya nyuma, saizi ya pikapu yake nyeupe. Jumapili ya mavuno, ibada ikiendelea, nikatoka kanisani kimyakimya. Pikapu nyeupe ilikuwa pale kwenye uzio, imejaa tope jekundu mpaka madirishani. Nikajilaza chini yake na shati langu la kanisani, nikakaza skrubu moja baada ya nyingine huku nikiimba pamoja na kwaya. Nilijiona fundi. Nilijiona mume.

Nilipochomoka, waumini walikuwa wameshatoka kuanza mnada wa mazao. Mchungaji akachungulia juu ya tairi, akainua mikono.

"Bwana asifiwe! Kuna waliotoa mahindi, kuna waliotoa kuku. Kijana huyu amelikumbuka gari langu!"

Watu wakapiga makofi. Neema akaficha uso kwenye kitenge. Na mimi ningeanzaje kudai sadaka irudishwe?

Baba yake akanisogelea, akanipangusa tope begani, akacheka mpaka kofia ikamwanguka.

"Mkwe," akasema, na hakuwahi kuniita hivyo, "mimi leo nimekuja na bodaboda."