Kalenda ya Mwaka Juzi

Dada mchoma sindano wa kliniki ya urembo ana vidole vinene kama vya fundi bomba, ila vikigusa shavu utadhani vinaamsha mtoto. Leo kitini amejilaza shangazi mmoja aliyechoka kuulizwa kama anaumwa. Anataka mikunjo ya kando ya pua ijazwe. Dada anaiacha sindano kali, anachukua ile ndefu yenye ncha butu, inayousukuma mshipa pembeni badala ya kuutoboa. Dawa ya kujazia ikiingia mshipani, jicho laweza kuzimika palepale. Hilo alishamweleza shangazi, naye akatia saini huku akipiga miayo. Sasa anasukuma tone kwa tone, akisengenya pua za matajiri, kisha anaacha kusukuma ghafla.

“Shangazi, hebu nisomee kalenda ile ukutani. Miwani yangu sijui iko wapi.”

Miwani iko kichwani pake.

“Desemba, mwaka juzi. Mna uvivu gani nyie, hata karatasi ya ukutani inawashinda?”

Wenzake walishataka kuitupa mara tatu, akawakatalia. Kila mteja anayeicheka, ameiona. Dada anashusha pumzi, anahamia shavu la pili.

“Endelea kunitukana, shangazi,” anasema. “Usinyamaze.”