Kila Nikila kwa Mama Mkwe Natapika, na Mtaa Ushamwita Mchawi

Admin, jina langu nifichie na mtaa pia, maana Unguja hii mtu akipiga chafya Mlandege, Kizimkazi wanamuitikia. Nna miaka thelathini na nne, mume, watoto wawili, na mama mkwe ambaye ni mama yangu mdogo. Mama mzazi alifariki mimi ningali mdogo. Huyu ndugu yake akanichukua akanilea, na nilipokuwa mtu mzima mwanawe akanioa. Kwa hiyo msije mkaniandikia hapa "mama wakwe ndivyo walivyo". Huyu ni mama yangu, na Mama ndivyo nnavyomwita.

Nilikuwa mnene. Si unene wa kupendeza, wa kuumwa: magoti, presha, na sukari ishaanza kuninyemelea. Tukakubaliana na mume wangu, tukaenda India, nikatiwa mpira. Ni kama mkanda mdogo unaofungwa ndani, kwenye mdomo wa tumbo, chakula kipite kidogo kidogo ushibe upesi. Mama hatukumwambia. Kwake yeye unene ndio afya, na mimi nimenenepa kwa mkono wake. Kumwambia nnakwenda kufungwa tumbo ni kumwambia nnakimbia chakula chake. Mume wangu akasema, "Mwambie ni uvimbe." Mama hakuridhika, akamuuliza mwanawe, naye akamjibu, "Wallahi Mama, ni uvimbe tu." Maskini ya Mungu, akatusomeshea dua ya safari.

Mwanzo niliona raha, nguo zinanipwaya, nacheka peke yangu mbele ya kioo. Lakini tokea mwaka jana, jamani, sijui tena utamu wa tonge. Wali ukishuka unakwama hapa kifuani, mate yananijaa, maumivu mpaka natafuta pa kushika, halafu nakimbilia chooni narudisha povu na punje nzima nzima. Nikilala nakohoa, maji machungu yanapanda kooni. Nimekwenda kwa daktari, kasema mpira umeteleza, lazima utolewe, na nisikawie. Tunangoja kuitwa. Mume wangu hilo nalo keshalipatia jibu: "Tutasema uvimbe umerudi."

Sasa sikilizeni balaa lilipo. Kwangu nnakunywa supu na uji, vinapita. Lakini Ijumaa tunakula kwa Mama, wanawake wote sinia moja, na Mama mwenyewe ndiye anayenimegea samaki akanisogezea upande wangu. Nitamwambiaje sili? Nnakula tonge mbili tatu, nnanyanyuka. Na nyumba zetu hizi za mjini mnazijua, ukitema mate chooni, ukumbini wanasikia. Mawifi zangu kwanza walidhani nna mimba, wakawa wananitania. Miezi ikapita, tumbo halionekani, na mimi nnazidi kukonda. Ndipo jirani mmoja, mdomo wake Mungu anaujua, akauliza: "Mbona akila kwake hatapiki? Anatapika akila kwa mkwewe tu."

Basi, likazunguka. Mama kanilisha kitu. Wengine wakaongeza kuwa ananikausha ili mwanawe aoe mwengine. Mwanamke aliyenilea kama aliyenizaa. Juzi harusini nimeona kwa macho yangu, Mama kapakua biriani, kamnyooshea mwenzake sahani, yule kasema, "Nshashiba, Bi," na hata tonge moja alikuwa hajatia mdomoni. Mama akairudisha sahani chini taratibu, akajifanya anatafuta ndimu. Nilitamani ardhi inimeze.

Wiki hii akaniita. "Naam, Mama," nikaenda, akanikalisha mkekani.

"Mwanangu, mimi nimekufanya nini?"

"Hujanifanya kitu, Mama."

"Basi kwa nini chakula changu hakikai tumboni mwako?"

Nikainama, nikawa nachokonoa ukindu wa mkeka. Nilijichukia, wallahi.

Akanambia keshazungumza na mashekhe, Ijumaa hii baada ya alasiri anasomesha Halbadiri. Kwa msioijua, hicho ni kisomo cha kumshitaki mbaya wako kwa Mungu. Humtaji mtu, unataja tendo, na tendo lina mwenyewe. Akanitajia na nia atakayoitia: "Kama mimi nimekutia kitu, kianze na mimi. Na kama yupo anayeujua ukweli wa maradhi haya akauficha, nami nikaitwa mchawi, limpate yeye na nyumba yake."

Nyumba hiyo ni yangu, ndugu zangu. Ndani yake yumo mwanawe, na wamo wajukuu zake.

Nikamwambia mume wangu, akacheka. Ati mambo ya kizamani. Nikamwambia basi twende tukamwambie ukweli, hakucheka tena. "Niliapa kwa Mungu mbele ya mama yangu. Ukisema, utakuwa umenivua nguo, na mimi na wewe basi." Lakini tokea siku hiyo hatulii, anaingia anatoka. Jana kaniuliza kwa mbali kama Halbadiri humpata na mtu ambaye hakukusudia ubaya. Nikamwambia kamuulize shekhe.

Na mimi sina hali. Nafagia palipokwisha fagiliwa, nachukua simu naandika "Mama, kuna jambo," nafuta, naandika tena. Nikisema, ndoa yangu nnaitia mashakani, na Mama atajua kuwa hata dua aliyotusomeshea aliisomesha juu ya uongo. Nikinyamaza, anabaki na jina la uchawi mpaka kaburini, na anamuapiza mwanawe kwa mdomo wake mwenyewe bila kujua. Msinambie ningoje mpaka mpira utolewe. Hospitali hawajaniita, na kisomo ni kesho kutwa.

Wakati nnaondoka pale kwake alinishika mkono. "Ijumaa ukae ubavuni pangu, watu wakuone," akanambia. "Mimi nitanuia, wewe uitikie amin." Nikamjibu, "Inshaallah, Mama."

Mnaosoma, wenye wazazi na wenye waume, nambieni: hiyo amin nitaitamkaje?