Kikombe cha Maji Baridi

Mama yangu alikuwa na jicho moja tu la kuonea. La kushoto lilikufa zamani, kwa hiyo lile la kulia tulilichunga kama yai, sote pale nyumbani Usoke. Yeye mwenyewe wala! Akiambiwa avae miwani anacheka: "Nivae miwani, kwani mimi mwalimu?"

Mwalimu ni mimi. Nafundisha fizikia sekondari. Kila mwaka nawaeleza wanafunzi kwamba uso wa maji una nguvu ya kujivuta, kana kwamba una ngozi, na kwamba povu la maharage hupanda kwa sababu mvuke umenaswa ndani ya ngozi hiyo. Ukitia maji baridi kidogo, mvuke unapoa, mapovu yanasinyaa, sufuria inatulia. Wanafunzi hucheka, maana mama zao wanafanya hivyo kila siku bila fizikia yoyote.

Kwaresima ile nilikuwa nyumbani likizo. Mama alikuwa ameahidi kuipelekea parokia mishumaa ya Pasaka, ya nta kutoka mizinga aliyoiacha marehemu baba. Masega tulishayachemsha na maji ndani ya pipa, tukaichuja nta, ikaganda. Asubuhi hiyo alikuwa anaiyeyusha tena, safari hii yenyewe tu, bila maji, sufuria moja kwa moja juu ya mafiga. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ua, nasuka tambi za mishumaa.

Nikasikia sufuria inatatarika. Nilipoinua macho, moshi mweupe ulikuwa unatoka, na povu limefika ukingoni. Ni unyevu uliobaki ndani ya nta ndio uliokuwa unachemka. Mama akainuka na kikombe cha maji.

"Mayu, usimwage!" nilipiga kelele, nikimwita mama kwa Kinyamwezi chetu cha nyumbani.

"Wee, si itafurika motoni!"

Na kwa nini asiseme hivyo? Kila chungu alichopika maishani kilimfundisha hivyo. Lakini nta ikishatoa moshi imepata moto kuliko maji yanayochemka. Maji yatazama chini yake, yatageuka mvuke yote kwa mpigo, na mvuke utarusha kila kilicho juu. Haya yote niliyajua, jamani, niliyajua vizuri kabisa, na ua mzima ulikuwa kati yetu. Nilikimbia. Kukimbia kwenyewe kulinisaidia nini?

Ulisikika mlio mmoja. Mama akakaa chini taratibu, mikono usoni, akauliza, "Nta imemwagika yote?"

Jicho halikupona. Majirani walikuja kutupa pole, na mmoja akaniambia maji yakimwagika hayazoleki. Nilitamani kumfukuza.

Siku hizi mama amekataa katakata nimpikie maharage. Anakaa karibu na mafiga, sikio limeelekea sufuria, mpaka asikie mchemko umebadilika.

"Povu limepanda?"

"Limepanda, mama."

Ananyoosha kikombe, nami naushika mkono wake wenye makovu, nauelekeza. Anamimina. Povu linashuka, sufuria inatulia.

"Umeona?" ananiambia, amefurahi kweli. "Siku ile nilichelewa tu."

Nageuza uso asinione ninavyolia, halafu nakumbuka.